Ukuta wa Kivulini

Saa mbili asubuhi ubao ulioanguka ulilazwa juu ya meza ya Inspekta, chini yake magazeti ya zamani, kama mgonjwa anayesubiri daktari. Ulikuwa mrefu kama mtu mzima. Upande mmoja ulikuwa na rangi nyeupe iliyovimba mapovu, upande wa pili ulikuwa mweusi, umeota kuvu. Ulinuka kama nguo zilizosahauliwa ndani ya ndoo.

Inspekta alikuwa mwanamke mfupi wa makamo. Kituoni walimwita Kwa-Nini, maana swali hilo halikukauka mdomoni mwake. Alijua wanamwita hivyo, na hakununa. Kabla ya kushika msumeno aliinamisha kichwa, midomo ikacheza kidogo, kisha akasema, "Amina."

"Amina," akaitikia Koplo, jitu la miraba minne lililosimama mlangoni, ingawa hakusikia alichokuwa akiitikia.

Mtu wa tatu chumbani hakuitikia. Alikuwa mwalimu wa udereva, mtoto mkubwa wa Bibi Mkunga, na ndiye aliyeleta mashtaka. Siku nne zilizopita, mbao za ukuta wa nyuma wa nyumba ya mama yake zilibomoka kwa pamoja zikamwangukia shemeji yake, aliyekuwa juu ya ngazi akisafisha mfereji wa paa. Shemeji alivunjika mguu na akalala siku tatu bila kujitambua. Fundi aliyezipigilia mbao hizo alikamatwa siku hiyohiyo.

"Sasa hapo kuna nini cha kupima?" akasema mwalimu wa udereva. "Mimi mtu akigonga gari, siendi kupima lami. Yule fundi alituonyesha mbao zilizotiwa dawa, halafu akatupigilia kuni. Mbao ya dawa haiozi kwa miaka minne. Tia saini, apelekwe mahakamani."

Hati ya mashtaka ilikuwa tayari imeshapigwa chapa. Uzembe na udanganyifu uliosababisha jeraha. Kesho saa tatu fundi angesimama mbele ya hakimu, na akitiwa hatiani angekwenda jela. Hata akitoka huko, hakuna mtu ambaye angempa tena kazi hata ya kigoda.

Inspekta alichagua mahali ambapo ubao ulikuwa bado mgumu, akaukata kwa msumeno mdogo, akapangusa unga na kugeuzia dirishani mahali alipokata.

"Njoo uone. Huu mkanda wa kijani pembeni, unaozunguka moyo wa ubao, unauona?"

"Ni rangi ya kupaka."

"Rangi yenu ni nyeupe. Na rangi haiingii ndani upana wa kucha. Hii ni dawa, inasukumwa ndani ya mbao kwa mtambo."

"Basi aliweka huo mmoja wa kutudanganyia macho."

"Nani aliuchagua ubao huu, uletwe hapa?"

Mwalimu wa udereva ndiye aliyeuchagua, tena alichagua uliooza kuliko wote.

"Mlete Fundi," Inspekta akamwambia Koplo.

Fundi alikuwa mwembamba, mrefu, na mjini kote alijulikana kwa jina la Rula, kwa kuwa hakuna kitu alichokiona asikipime. Siku nne za mahabusu hazikumponya ugonjwa huo.

"Shikamoo, Afande. Chumba chenu kina hatua nne na shubiri mbili. Na mlango umekaa upande. Ndiyo maana mnausukuma kwa bega."

"Marahaba. Kaa. Nieleze ule ukuta kama unavyomweleza mtu asiyejua kitu."

Fundi alivuta pumzi. "Kwanza kuna tofali. Juu ya tofali nikapigilia papi, zile mbao nyembamba, nikazisimamisha wima. Juu ya papi ndipo mbao zenyewe, zimelala, kila moja inaikalia ya chini yake kama magamba ya samaki. Kwa hiyo kati ya mbao na tofali kuna nafasi ya kidole. Niliiacha wazi chini, nikaiacha wazi juu."

"Kwa nini?"

Koplo alitazama dari. Alikuwa akilisubiri.

"Kwa sababu maji yataingia tu, Afande. Mvua ikipigwa na upepo inapenya. Ukuta wa mbao kazi yake si kuyakataa maji, kazi yake ni kuyatoa. Sasa upande ule kuna kilima na kuna miti mikubwa. Jua linafika saa moja kwa siku, na siku nyingine halifiki kabisa. Kama jua halikaushi, nani akaushe? Upepo. Unaingia chini, unatokea juu. Ukuta unapumua."

"Nafasi gani?" mwalimu wa udereva aliruka. "Afande, huyu muongo hana hata aibu! Mimi nautazama ukuta ule mwaka wa tatu huu. Chini pamezibwa kwa mota ya saruji mwanzo mpaka mwisho. Huwezi kupitisha sindano!"

Fundi alimgeukia. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeambiwa kwamba nyumba yake imehama.

"Pamezibwa? Nani ameziba?"

"Wewe!"

"Haki ya Mungu, si mimi. Afande, mtu anayeziba pale ni sawa na kumfunga mtu pua na mdomo."

"Mrudishe," akasema Inspekta. Fundi alipofika mlangoni alisimama. "Afande, yule kijana aliyeumia anaendeleaje?"

"Ameamka jana jioni. Leo wanamfunga mguu vizuri."

Fundi aliinamisha kichwa, akaongozana na Koplo.

* * *

Nje ya lango, juu ya jiwe, mke wa fundi alikuwa amekaa tangu saa kumi na mbili. Inspekta alipita karibu naye.

"Mama, nenda nyumbani upumzike. Nikimaliza nitakutumia mtu."

"Nyumbani nikafanye nini, Afande? Nikaitazame meza aliyoichonga? Nitakaa hapa. Ninyi fanyeni kazi yenu, na mimi namwomba Mungu awafumbue macho."

"Namwomba jambo hilohilo," akasema Inspekta, na akaondoka.

Walikuwa na nusu siku tu, kwa hiyo waligawana kazi. Koplo alikwenda kwenye stoo ya mbao. Inspekta alimtafuta mpaka rangi aliyeupaka upya ukuta ule mwaka jana, mtu aliyejiita Msanii. Kama kuna aliyeufanyia ukuta ule kazi baada ya Rula, ni yeye. Alimkuta juu ya ngazi katika ukumbi wa zahanati, akipaka dari huku akipiga mluzi.

"Shuka, tuzungumze."

"Nikishuka sasa rangi itaacha mstari, mama."

"Basi napanda mimi." Inspekta akaweka mguu kwenye ngazi, ngazi ikatikisika, na Msanii akashuka kama paka.

"Ukuta wa nyuma wa Bibi Mkunga. Uliuziba chini kwa mota?"

"Mimi? Nimezikuta nafasi zimezibwa. Tena kwa ustadi. Nikasema moyoni, aliyefanya hivi hana mwiko lakini ana mkono."

"Kwa nini unasema hana mwiko?"

"Mwiko unaacha mstari ulionyooka. Pale pamefinywafinywa kwa kidole gumba. Kidole, kidole, kidole, kama pindo la nguo. Nikapaka juu yake."

"Na hukujiuliza?"

"Afande, mimi kazi yangu kupaka. Nikianza kuzihoji kuta za watu, nitalala njaa."

"Rangi ilishika?"

Msanii akatema mate pembeni. "Usiniulize habari ya rangi ile. Baada ya miezi miwili ikavimba, mapovu kama upele. Wakasema nimechanganya maji. Nikarudia bure. Ikavimba tena. Na upande wa mbele, kopo lilelile, brashi ileile, rangi imetulia mpaka leo kama maziwa."

Inspekta akaandika. Kisha akasema, "Nionyeshe kidole gumba chako."

Msanii alikitoa. Kilikuwa kipana kama kijiko cha mchuzi, na ukucha wake uliwahi kupondwa na nyundo ukaota mara mbili.

"Hiki kikiingia kwenye mota," akasema kwa fahari, "kinaacha shimo la kufukia kuku."

Inspekta hakuweza kujizuia, alicheka. Akafunga daftari.

Koplo alimkuta njiani. Alikuwa na vipande vitatu virefu chini ya kwapa, kama mtu aliyetoka kuiba kuni.

"Afande, nilidhani nimemnasa. Yule mtunza stoo ananiambia kuna mbao za dawa za namna mbili. Kuna dawa ya mbao za ukutani, na kuna dawa kali zaidi ya nguzo zinazozikwa ardhini. Fundi alichukua ile ya ukutani. Nikasema, aha! Kachukua hafifu."

"Na?"

"Mtunza stoo akanicheka. Ananiambia, 'Koplo, wewe ukivaa viatu vya kuendea kanisani ukaogelea navyo, utamlaumu mshona viatu?' Mbao ya ukutani inalowa, inakauka. Dawa yake ni ya maisha hayo. Ukiiweka ikae ndani ya maji usiku na mchana, itaoza tu."

"Kwa hiyo Fundi alichukua iliyo sahihi."

"Sahihi kabisa. Na papi alichukua za dawa hiyohiyo." Koplo akashusha mzigo wake. "Na hivi vipande amenipa bure, sampuli za kuvalishia kuta. Anasema yule bibi atahitaji ukuta mpya, na biashara ni biashara."

* * *

Nyumba ya Bibi Mkunga ilikaa chini ya kilima, mahali ambapo miti ilikuwa imeinama juu ya paa kana kwamba inasikiliza. Ilikuwa saa sita, jua la kupasua mawe upande wa mbele. Walipozunguka nyuma, Inspekta alihisi baridi mikononi. Nyasi zilikuwa zimelowa. Konokono mmoja alikuwa akipanda ukuta bila haraka, kama mwenye hati ya nyumba.

Sehemu iliyobomoka ilikuwa wazi kama fizi zisizo na meno. Papi zilikuwa bado zimeng'ang'ania tofali, lakini Inspekta alipoichoma moja kwa bisibisi, bisibisi ilizama mpaka kwenye mpini. Misumari haikuwa na kutu. Ilichomoka yenyewe, kwa kuwa hapakuwa tena na mbao ya kuishika.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema Koplo.

Chini kulikuwa na mota, kama mwalimu wa udereva alivyosema. Fundi angeweza kuwa ameiweka yeye, kisha akatunga hadithi ya nafasi ili ajiokoe. Inspekta alipiga magoti kwenye nyasi, akaangaza tochi. Alama za kidole gumba zilikwenda mfululizo kando ya ukuta wote, ndogo, safi, zimepangwa kwa kipimo kimoja. Kidole cha fundi kilikuwa kirefu na chembamba. Hiki kilikuwa kifupi, na kilikuwa kimebonyeza kwa upole.

Alifuata alama hizo mpaka mwisho wa ukuta. Hapo palikuwa na tangi la maji, limekaa karibu sana na nyumba. Alama zilifika ukingoni mwa tangi na kukoma.

"Koplo. Nyuma ya tangi hili, ukuta ukoje?"

"Mimi nitajuaje, Afande?"

"Utapita."

Koplo alilitazama tangi, akalitazama tumbo lake. "Afande, nina watoto watatu."

"Vuta pumzi."

Alipenya kwa ubavu, akiguna. Nusu ya mwili ilipita, nusu ikakataa. Inspekta alimpa tochi na bisibisi.

"Chini kuna mota?"

"Hakuna. Pako wazi. Naingiza kidole. Kinaingia. Afande, kuna upepo! Unanipuliza kidole!"

"Choma papi."

Ikasikika *ko, ko, ko*, sauti ya chuma juu ya mbao ngumu.

"Haiingii! Ngumu kama pembe!"

Inspekta aliketi juu ya visigino vyake. Hilo ndilo alilolitaka. Kivuli kilekile, mvua ileile, mbao zilezile, fundi yuleyule. Mahali ambapo mota ilifika, ukuta ulioza. Mahali ambapo mkono wa mwenye mota haukufika, ukuta ulikuwa mzima. Kivuli hakikuwa na hatia, wala dawa, wala Rula.

"Asante, Mungu," akasema polepole.

"Afande, mshukuru baadaye," sauti ya Koplo ikatoka nyuma ya tangi. "Kwanza nivute mguu."

* * *

Bibi Mkunga aliwapokea sebuleni. Alikuwa na mjukuu wa miezi miwili mapajani, amefungwa ndani ya blanketi nyepesi, uso tu nje. Binti yake, mama wa mtoto, alikuwa hospitalini kwa mumewe. Mwalimu wa udereva alikuwa amesimama dirishani, funguo za gari zikilia mkononi.

"Shikamoo, mama," akasema Inspekta.

"Marahaba, mwanangu. Mkwe wangu amekula uji leo. Umesikia?"

"Nimesikia, na nimefurahi."

Aliketi. Macho yake yalikwenda kwenye lile blanketi. Ukingo wake ulikuwa umekunjwa ndani kuzunguka shingo ya mtoto, ukabanwa kwa kidole gumba, mkunjo, mkunjo, mkunjo, yote kwa kipimo kimoja. Vidole vya bibi vilikuwa vifupi na laini.

Inspekta angeweza kumzungusha, kumwekea mtego, kumpima vidole. Hakuona sababu.

"Mama, ni wewe uliyeziba chini ya ukuta wa nyuma?"

"Ndiyo," akasema Bibi Mkunga, kana kwamba ameulizwa kama anatumia chumvi. "Mwaka ule alipozaliwa mjukuu wangu wa kwanza. Chumba chao ni kile cha nyuma. Usiku nasikia upepo unapiga filimbi ndani ya ukuta, na panya wanapita. Nikachanganya mota kidogo kidogo kwenye beseni, nikaziba kwa mikono yangu. Na juu nikaziba kwa matambara niliyoyachovya humo humo. Kwa nini unauliza?"

"Breki, mama!" mwanawe alifoka. "Usiseme zaidi! Afande, mama yangu ana miaka sabini, hajui anachosema."

"Najua ninachosema. Na mimi si mwanafunzi wako." Bibi hakuinua sauti. "Mwanangu polisi, kwa nini unauliza?"

Inspekta alimweleza yote, polepole, tangu tofali mpaka tangi. Alimweleza kwamba maji yaliyoingia hayakupata njia ya kutoka, na kwamba upepo aliousikia ukipiga filimbi ndio uliokuwa ukiukausha ukuta. Mtoto alipiga miayo katikati ya maelezo. Bibi alisikiliza, na uso wake ukaanza kupauka.

"Yaani mimi ndiye niliyemvunja mkwe wangu mguu."

"Mama, nyamaza!" Mwanawe alikuja katikati yao. "Ushahidi gani huo? Vidole? Mtu yeyote ana vidole! Fundi ndiye aliyejenga, fundi ndiye atakayejibu. Ukinyamaza hapa, hakuna atakayekugusa."

"Na yule fundi?"

"Fundi atapata wakili."

Bibi Mkunga akamkabidhi mwanawe mtoto, na mwalimu wa udereva ikabidi aweke funguo chini ili ampokee.

"Nimezalisha watoto miaka thelathini na sita," akasema bibi. "Wanawake walikuja kwangu na aibu zao, na maneno niliyowaambia ni yaleyale: mficha uchi hazai. Leo niufiche wangu, mume wa mtu alale mahabusu? Wewe mwenyewe nilikuzaa kwenye chumba chenye madirisha matatu yasiyo na vioo. Niliziba yote kwa mikono hii usiku wa mvua. Ndivyo nilivyofundishwa. Mtoto akija duniani, jambo la kwanza unaziba penyo. Nilifanya vivyo hivyo kwa nyumba." Akamgeukia Inspekta. "Andika. Nitatia saini. Nitafungwa mimi?"

"Mama, mtu kuziba tundu la nyumba yake si kosa la jinai. Hakuna sheria ya kumfunga mtu kwa kuifunika nyumba yake."

"Na Fundi?"

"Nikiwa na maneno yako kwenye karatasi, sina shtaka la kumpeleka nalo popote."

Bibi Mkunga alijifunika uso kwa viganja viwili. Mabega yalimtikisika, na ilichukua muda kabla Koplo hajatambua kwamba mwanamke yule alikuwa akimshukuru Mungu, maneno yakitoka nusunusu katikati ya vidole. Mwalimu wa udereva alisimama na mtoto mikononi, hajui aende wapi. Mtoto alimshika kitufe cha shati.

* * *

Saa kumi alasiri Inspekta aliichana hati ya mashtaka mara mbili, akaitia kwenye kapu. Bibi Mkunga alitia saini maelezo yake. Mwanawe alitia saini ya kuondoa malalamiko, kwa kuikandamiza kalamu mpaka karatasi ikakaribia kutoboka.

Fundi alipoletwa mapokezi aliambiwa yote akiwa amesimama. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoka nje, akaketi kwenye ngazi ya kituo. Mkewe alikuwa ameshafika, lakini hakumkumbatia. Alimtoa unyasi kichwani.

"Umekonda," akasema.

"Siku nne tu, mke wangu."

"Ulikuwa mwembamba tangu mwanzo. Hukuwa na pa kukonda, ukakonda."

Bibi Mkunga alishuka ngazi, akasimama mbele yao. "Fundi, sina neno la kutosha. Nisamehe."

Fundi alijaribu kuinuka, bibi akamzuia kwa mkono. "Mama, na mimi nina langu," akasema. "Niliacha nafasi ile, lakini sikumwambia mtu ni ya nini. Nilidhani ukuta utajieleza. Ukuta haujui kusema. Fundi ndiye wa kusema."

Mwalimu wa udereva alikohoa. Alikuwa nyuma ya mama yake, akiutazama ufunguo wake kama anasoma kitu juu yake.

"Fundi. Nilikanyaga mafuta kabla ya kuangalia kioo," akasema. "Ndiyo hivyo."

"Inatokea," akasema Fundi. "Mtu hujifunza."

Koplo alivitoa vile vipande vya stoo, akavipanga kwenye ngazi kimoja baada ya kingine. Bibi akainama kuviangalia. "Sasa nivalishe nini ukuta ule? Sema wewe. Safari hii nitasikiliza."

Mkono wa Fundi ulikwenda kwenye vipande wenyewe. Akainua cha kwanza, cha plastiki. "Hiki hakiozi. Lakini kivulini kitaota ukoga juu yake, na kikipasuka nyuma utakuja kujua maji yameshamaliza kazi." Akakiweka. Akainua cha mbao. "Hii ni nzuri, na upande wa mbele muiache, bado ina maisha marefu. Upande wa nyuma itataka kupakwa kila baada ya miaka michache, na mkwe wako sidhani kama atapenda tena ngazi." Bibi akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza siku hiyo. Fundi akagonga cha tatu, ubao mwembamba wa kijivu. "Huu ni wa saruji iliyochanganywa na nyuzi. Kuvu haipati chakula humu, na mchwa hawautafuni. Ni mzito, unataka papi imara na msumari usioshika kutu, na kila nitakapoukata nitapaka rangi mahali nilipoukata, usinywe maji. Kwa kivuli kile, mimi ningevalisha huu."

"Na nafasi?"

"Nafasi ya kidole, chini na juu. Hiyo hatuachi, ukuta uwe wa saruji au wa dhahabu."

"Na panya?"

"Nitaweka waya wa wavu, matundu madogo. Upepo utapita, panya hatapita."

Bibi Mkunga alisita. "Na mtoto? Ule upepo?"

"Mama, ule upepo haufiki chumbani. Kuna tofali katikati. Unapita nyuma ya nguo, haugusi mwili."

Bibi aliyafikiria maneno hayo, akatikisa kichwa kukubali. "Basi uje lini?"

"Keshokutwa. Kesho nalala."

Wakaondoka, mama na mwanawe, gari likatoka polepole likiwa na taa ya kugeukia iliyowashwa mapema kupita kiasi. Inspekta alibaki mlangoni. Alikuwa na mafaili matatu mezani yakimsubiri, lakini hakuingia ndani bado.

Fundi hakuinuka. Alikuwa ameketi, magoti juu, uso ameuelekeza kwenye jua lililokuwa likishuka, macho amefumba. Machozi yalimtiririka mpaka kidevuni, na alikuwa anatabasamu.

"Simama twende," mkewe akamnong'oneza. "Watu wanatuangalia."

"Waache waangalie," akasema Fundi. "Keti hapa kidogo. Kuna joto."

Mkewe akatazama huku na huku. Kisha akakusanya nguo yake, akaketi.